Mzinga wa nyuki: kishikio cha sentimetre chache kinachookoa mgongo, kundi na asali

Wafugaji wengi wa nyuki wanapenda kufungua mizinga yao jioni, jua linapopungua na nyuki wengi wamekwisha kurudi nyumbani. Mfugaji anapuliza moshi mlangoni, anaondoa kifuniko cha manjanja, kisha anaingiza chuma bapa katikati ya masanduku mawili ili kuyaachanisha. Sanduku la juu linatoa mlio mdogo, gundi ya nyuki inakatika. Kuanzia hapo linabaki swali moja tu: ataliinua kwa kushika wapi?

Kama seremala aliacha ubao laini pande zote nne, jibu si rahisi. Vidole vyenye glavu vinateleza. Mfugaji anainama, anabana sanduku kwa viganja viwili na kulikaza tumboni, ama anaingiza vidole chini yake, mahali nyuki wamejaa. Sanduku likianguka kwa wakati huo, masega yanavunjika, malkia anaweza kufa, asali inamwagika udongoni, na maelfu ya nyuki wanatoka wote kwa mara moja. Nyuki wa kwetu hawasubiri kuulizwa nani mwenye kosa.

Jambo linalozuia hasara hiyo ni dogo: shimo lisilopenya, lenye urefu wa vidole vinne, lililochongwa kwenye upande wa nje wa ubao. Kwa masanduku yanayotoka kiwandani, kishikio hicho kinachimbwa na mashine. Lakini kwa yale yanayotengenezwa kwa mikono kwenye karakana za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, ni seremala mwenyewe anayepaswa kukifikiria, mara nyingi bila mashine na bila kurant ya uhakika.

Uzito ambao wengi hawautazamii

Mzinga wa masanduku yanayopandana, unaojulikana sana kwa jina la Langstroth, unatokana na mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyepata hati ya uvumbuzi wake tarehe 5 Oktoba 1852. Aliona kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimetre 6 hadi 9 hivi kati ya vitu viwili, hawaijazi kwa masega wala kwa gundi, bali wanaitumia kama njia ya kupitia. Kutokana na hapo akatengeneza sanduku lenye kadre zinazoning'inia, ambazo zinaweza kutolewa moja moja bila kuvunja kitu.

Sanduku la kadre 10 lina urefu wa nje wa sentimetre 50 na nusu na upana wa sentimetre 41 hivi. Sanduku kubwa, ambalo kwa kawaida ndimo malkia anataga, lina kimo cha milimetre 244. Lile la kati lina milimetre 168.

Mara nyingi mfugaji mpya hajui uzito atakaobeba siku ya mavuno. Kila mkaaji wa Kivu anajua uzito wa bidoni ya lita 20 iliyojaa maji: ni kilo 20. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, maana yake bidoni ileile ikijaa asali inafika kilo 28. Sanduku kubwa lenye kadre 10 zilizojaa, pamoja na mbao na nta, linakaribia kilo 40. Sanduku la kati linaweza kufika kilo 25 na zaidi.

Bidoni ina mkono wa kushikia, na ukiiangusha maji yanamwagika tu. Sanduku la nyuki linabebwa polepole, bila kutikiswa, bila kuinamishwa upande mmoja, na mbebaji amevaa kofia yenye wavu unaopunguza kuona. Kila mkono unabeba karibu kilo 20 juu ya vidole vinne. Vidole hivyo vikikosa mahali pa kuegemea, kazi yote inahamia kwenye viganja na mgongo.

Kwa nini tundu linalopenya halifai

Wazo la kwanza linalomjia fundi mara nyingi ni kutoboa tundu kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kama inavyofanywa kwenye kesi za kubebea nyanya ao vinywaji. Kwa kesi ya nyanya ni sawa, hata hewa inapita vizuri. Kwa mzinga, tundu hilo ni mlango ambao hakuna aliyeuomba.

Nyuki wanaanza kulitumia kuingia na kutoka, basi mfugaji akiweka vidole anaviweka kwenye njia yao. Mvua inapigwa na upepo na kuingia ndani. Siafu, nondo wa nta na mbawakawa mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika hii yetu kusini mwa Sahara, wanapata njia ya pili ya kuingia, na kundi lililo dhaifu halina walinzi wa kutosha kwa milango miwili. Tena, watoto wa nyuki wanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35. Kwenye milima ya Masisi, Lubero ao Kabare, ambako usiku ni wa baridi, kila tundu linawalazimisha nyuki kula asali zaidi ili kupasha nyumba yao moto.

Kupitisha kamba kwenye matundu mawili si suluhisho pia. Kamba inaoza kwa mvua, inanyonya maji na kuyapeleka ndani, na inakatika siku ambayo sanduku ni zito kuliko siku zote, yaani siku ya mavuno.

Ndiyo maana kishikio kinachofaa ni kile kinachochimbwa kwa nje na kusimama kabla ya kutoboa ubao.

Wapi kuchonga, na kwa vipimo gani

Kabla ya kuchukua patasi, fundi anapaswa kupima unene wa ubao. Kipimo cha kawaida cha mzinga wa Langstroth ni milimetre 19. Lakini mbao zinazouzwa sokoni, hasa zile zilizopasuliwa msituni kwa msumeno wa mikono ao wa moto, hazina unene mmoja. Ubao mmoja unaweza kuwa na milimetre 25 upande huu na 20 upande mwingine. Kanuni ya kukumbuka ni hii: nyuma ya kishikio zibaki angalau milimetre 7 za mbao nzima. Kwa ubao wa milimetre 19, kina kisipite milimetre 12.

Jambo la pili ni kimo. Kishikio kinapaswa kuwa juu ya nusu ya sanduku, ili uzito mwingi ubaki chini ya mikono na sanduku lisipinduke. Lakini kisisogee sana juu. Kwenye mbao mbili fupi za sanduku, upande wa ndani, kuna ngazi ndogo iliyochongwa ukingoni ambako vichwa vya kadre vinaegemea. Ngazi hiyo inashuka milimetre 16 hivi na inakula nusu ya unene wa ubao. Fundi akichimba kwa nje mahali palepale alipochimba kwa ndani, mikato miwili inakutana na ubao unapasuka. Ukingo wa juu wa kishikio ukiwekwa sentimetre 5 ao 6 chini ya ukingo wa sanduku, hatari hiyo haipo.

Urefu unategemea mkono. Vidole vinne vya mtu mzima vinachukua sentimetre 8 ao 9. Ukiongeza glavu nene, sentimetre 11 ao 12 zinatosha. Kimo cha shimo lenyewe, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, kinaweza kuwa sentimetre 4.

Jambo la tatu ni upande. Wenye muda wanachonga pande zote nne. Mwenye kuchonga mbili tu aanze na mbao fupi. Mtu akishika huko, upande mrefu wa sanduku unamwelekea na uzito unakaa karibu zaidi na tumbo lake. Akishika mbao ndefu, sanduku linatokeza mbele na mgongo unavutwa nalo.

Mwisho, vishikio viwili vinavyoelekeana viwe kwenye kimo kimoja kabisa. Kimoja kikiwa juu kuliko kingine, sanduku linainama kila linapoinuliwa, kadre zinateleza na kubana nyuki katikati. Dawa yake ni rahisi: kukata kipande cha tripleksi ao karatoni ngumu chenye umbo la kishikio na alama ya ukingo wa juu wa sanduku, kisha kuchora kila ubao kwa kutumia mfano huohuo. Fundi anayetengeneza mizinga 20 atafurahi kwamba aliutunza.

Umbo: kina juu, sifuri chini

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchimba shimo lenye kina kimoja pande zote, kama kisahani. Shimo la namna hiyo linashika maji ya mvua chini yake, ubao unabaki na unyevu, na baada ya misimu michache unaanza kuoza mahali palepale ambapo ni mwembamba.

Umbo linalofaa ni la mteremko. Juu, shimo lina kina chake chote, na ukingo wake ni mkali kidogo ili vidole vipate mahali pa kukamata. Kutoka hapo, sakafu ya shimo inapanda polepole kuelekea nje mpaka kwenye ukingo wa chini, ambako kina ni sifuri. Maji yakiingia yanateleza na kutoka. Tena, ubao unakuwa mwembamba kwenye mstari mmoja tu, na sehemu yote ya chini inabaki na nguvu yake.

Kama fundi ana mkono mzuri, anaweza kuuchonga ukingo wa juu uelekee kidogo ndani na juu, ili ncha za vidole zipate kuingia nyuma yake kama kwenye ndoana. Nyuzi chache tu zinatosha. Kwa mvaa glavu, tofauti inasikika mara moja.

Kuchonga kwa patasi, bila mashine

Kazi hii inafanywa mbele ya kufunga sanduku, wakati ubao bado umelala juu ya meza. Kuchonga sanduku lililokwisha kupigwa misumari ni kujipa taabu: linatikisika, na nyundo inalegeza pembe.

Kwanza fundi anageuza ubao na kuutazama. Kama kuna jicho la mbao mahali pa kishikio, ni vizuri kupindua ubao ao kuchagua mwingine, sababu jicho linaruka chini ya patasi na kuacha tundu. Kisha anaubana ubao kwenye meza, ama anapigilia vipande viwili vya mbao kando yake ili usitembee. Mtu asishikilie ubao kwa mkono mmoja na kupiga patasi kwa mkono mwingine.

Pili, anakata mipaka. Nyuzi za ubao wa sanduku zinakwenda kwa urefu, sambamba na kishikio. Kwa hiyo miisho miwili ya kishikio, kushoto na kuume, inakata nyuzi, na hapo patasi inaweza kupigwa kwa nguvu. Lakini mstari wa juu unafuata nyuzi. Patasi pana ikipigwa sana kwenye mstari huo inafanya kazi ya kabari, na ubao unapasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Fundi anayejua anapitisha kwanza kisu chenye makali mara tatu ao nne kwenye mstari wa juu, kisha anapiga patasi kidogo kidogo.

Tatu, anaondoa mbao. Anaanza karibu na mstari wa juu, anashusha kipande chembamba, anarudi nyuma kidogo, anashusha kingine, kila mara patasi ikielekea juu, kwenye mstari. Hivyo mteremko unajitengeneza wenyewe. Ni afadhali mizunguko mitano ya milimetre 2 na kitu kuliko mzunguko mmoja wa milimetre 12. Kila mara anapima kina kwa kijiti chenye alama.

Mwenye kekee ana njia nyingine: kutoboa mstari wa mashimo yanayofuatana chini ya ukingo wa juu, kila moja la kina cha milimetre 10, kisha kusafisha kwa patasi. Anafunga utepe kwenye ncha ya chuma cha kutobolea ili ajue mahali pa kusimama. Lakini aangalie: vyuma vingi vya mbao vina ncha ndogo katikati inayotangulia mbele. Utepe unaweza kuonyesha milimetre 10 wakati ile ncha imekwisha kufika 14 ao 15.

Aliyezoea kuchonga kinu, kijiko cha mbao ao mzinga wa gogo kwa tezo anaelewa haraka kazi hii. Ni mkono uleule. Tofauti ni kwamba hapa hakuna nafasi ya kukosa, sababu nyuma ya milimetre chache ni ndani ya nyumba ya nyuki.

Mwisho, anapitisha msasa. Ndani ya shimo panatosha kulainishwa kidogo. Ukingo wa juu uondolewe vibanzi ili usipasue glavu, lakini usifanywe mviringo kabisa, maana ndio unaobeba uzito.

Aina ya mti ina maana pia. Grevilea, sipre na msindano ni laini na vinachongeka vizuri. Mikaratusi ni migumu zaidi na inapenda kupasuka ikiwa haijakauka. Mbao ngumu za msituni zinadumu, lakini zinaongeza kilo kwenye sanduku ambalo tayari ni zito.

Wenye mashine wasijidanganye

Karakana yenye kurant ao jenereta inaweza kufanya haraka zaidi. Mashine ya mkono ya kuchimba mifereji, ikiongozwa na mfano wa tripleksi, inatoa vishikio vinavyofanana kwa dakika chache.

Msumeno wa duara wa mkono unaweza pia kutumika. Fundi anaufunga kwenye kina cha milimetre 12, anapitisha mikato kadhaa sambamba huku akipunguza kina kadiri anavyoshuka, kisha anaangusha vipande vyembamba vilivyobaki kwa patasi. Msumeno wenye kipenyo cha sentimetre 18 ukizamishwa milimetre 12 unaacha mkato wa sentimetre 9 hivi, basi panahitajika kuusogeza kidogo ili kufikia 11 ao 12.

Hatari iko kwenye kuuzamisha katikati ya ubao. Meno ya nyuma yakigusa mbao kwanza, msumeno unaruka kumwelekea aliyeushika. Ubao uwe umebanwa kabisa, kuwe na ubao wa kuongoza, mikono miwili iwe juu ya mashine, na mtu asisimame nyuma ya msumeno moja kwa moja. Kuinamisha ubao juu ya msumeno wa meza unaozunguka, kama wengine wanavyofanya ili kuokoa muda, kumekwisha kugharimu mafundi vidole. Vilevile diski ya meno iliyofungwa kwenye mashine ya kusaga chuma: haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa masanduku mawili ao matatu, patasi inamaliza kazi mbele ya jenereta kuwashwa.

Njia ya pili: ubao wa kupachika

Mahali ubao ni mwembamba mno, ao fundi hana patasi nzuri, kuna njia isiyohitaji kuchimba: kupachika kipande cha mbao kwa nje, chenye unene wa sentimetre 2 ao 2 na nusu na kimo cha sentimetre 4 ao 5. Wengine wanakifanya kiwe na upana wote wa sanduku.

Kipande hiki kinatoa mshiko mzuri kuliko shimo, maana kiganja kizima kinafanya kazi. Kinaimarisha pia ubao fupi mahali ulipopunguzwa na ngazi ya kadre. Na kwa anayesafirisha mizinga usiku kwa chukudu ao kwa moto kwenye barabara za mawe, kamba inapata mahali pa kukamata bila kuteleza.

Ila kuna masharti. Misumari peke yake inalegea kwa kuinuliwa mara kwa mara. Kinahitaji gundi ya mbao isiyoogopa maji, pamoja na vise. Kwa ubao wa milimetre 19 na kipande cha 25, vise ya milimetre 40 inaingia vizuri bila kutokeza upande wa pili. Sehemu ya juu ya kipande irandwe kwa mteremko ili maji yasisimame juu yake. Na masanduku hayo hayawezi tena kupangwa yakigusana ndani ya gari, kila moja linadai nafasi yake.

Njia hii inasaidia pia kusahihisha kosa. Fundi aliyetoboa ubao kwa bahati mbaya hahitaji kuutupa. Anaziba tundu kwa kipande chenye gundi, anasawazisha upande wa ndani mpaka ulingane kabisa na ubao, kisha anapachika kishikio kwa nje juu ya jeraha. Kusawazisha ndani ni lazima, sababu kitu kinachotokeza kinapunguza ile nafasi ya nyuki, nao watakifunga kwa gundi pamoja na kadre.

Rangi ndiyo, mafuta machafu hapana

Kishikio kilichochongwa ni jeraha kwenye ubao. Hapo mbao imefunguliwa na inakunywa maji kuliko mahali palipopigwa randa. Rangi ao mafuta ya kitani yanapakwa kwa nje tu, na kishikio kinapewa mkono mmoja zaidi. Ndani ya sanduku hapapakwi kitu. Nyuki wenyewe wanajua kupaka kuta zao.

Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini za magari, ambayo wengine wanayatumia kulinda mbao za nyumba, hayafai kwa mzinga. Yanapenya mbao, yana sumu, na asali ni chakula.

Kubeba kwa akili

Hata kishikio kizuri hakifanyi kilo 40 kuwa kilo 20. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wanatumia sanduku la kati kwa ajili ya asali na kuacha lile kubwa chini kwa malkia. Kwa mama, kijana ao mzee anayefanya kazi peke yake, ni uamuzi unaoweza kumfanya aendelee na ufugaji ao auache. Inawezekana pia kutoa kadre chache kwanza, kuzitia ndani ya sanduku tupu lililofunikwa, na kuinua lililobaki likiwa jepesi.

Kuna pia mzinga wa viboriti vya juu uliotengenezwa Kenya miaka ya 1970, ambamo mfugaji anatoa sega moja moja na hainui sanduku lolote. Kwa asiyeweza kubeba, huo ni mlango mwingine. Lakini mwenye kuchagua masanduku yanayopandana amechagua pia kuyainua.

Siku ya kuinua, chuma bapa ndicho kinachoachanisha masanduku, si kishikio. Gundi ya nyuki inakamata kwa nguvu, na mtu akivuta kwa kishikio huku sanduku bado limeshikwa upande mmoja, linaachia ghafula na kuruka. Linaachanishwa kwanza pembe zote nne, kisha magoti yanakunjwa, sanduku linavutwa tumboni, ndipo miguu inanyooka. Mahali pa kulitua pawe pametayarishwa mbele, hatua mbili ao tatu, si upande wa pili wa shamba.

Na mtu akichomwa mkononi wakati huo, asiachilie. Nyuki anayechoma anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake. Mwenye kishikio kizuri anaweza kuvumilia hatua hizo mbili, kutua sanduku taratibu, kisha kupuliza moshi mahali alipochomwa. Aliyebana ubao laini kwa viganja hana chaguo hilo: maumivu yanafungua mikono yenyewe.

Swali la kuuliza mbele ya kulipa

Mzinga unagharimu feza nyingi kwa familia ya kijijini, na kwa aliyerudi shambani baada ya kukimbia vita, kundi moja la nyuki linaweza kuwa mwanzo mpya usiohitaji hektari wala ng'ombe. Mnunuzi anatazama mara nyingi rangi, kifuniko na bei. Anaweza kuongeza mambo matatu yanayochukua dakika moja: kuingiza vidole vyenye glavu kwenye kishikio na kuona kama vinakaa, kutazama ndani kama kuna mwanga unaopenya, na kujaza sanduku mawe ao udongo wa kilo 30 na kuliinua mbele ya fundi.

Kama linainuka sawasawa, bila kuinama na bila kuteleza, fundi amestahili feza yake. Kama linateleza, ni afadhali litelezee hapo karakanani, likiwa limejaa mawe, kuliko jioni shambani, likiwa limejaa nyuki.